Paa la Miaka Kumi

Penrith, Australia, 3 Machi 2025

Kwa Bwana Akilimali Mushagalusa,

Nimekupigia simu mara tatu, na mara zote tatu umenijibu, "Dada, kuna kelele za mashine, nitakurudia," na hukunirudia. Basi nakuandikia kwa karatasi. Karatasi haina kelele, na isitoshe hubaki kuwa ushahidi.

Mwezi wa Mei mwaka jana uliezeka upya karavani yangu. Ulibandua mpira wa zamani juu ya paa, ukabandika mpya mweupe, ukanipandisha ngazi nione ulivyonyooka. Kisha ukaandika kwa kalamu ya wino mzito, ndani ya mlango wa kabati la sahani: "A.M. ameezeka. Miaka kumi bila kuvuja." Mwandiko ni wako. Sikukushika mkono.

Leo ni miezi kumi tu. Pembe zote nne za paa zimeumuka kama mandazi yaliyozidiwa hamira, na katikati, kando ya kidirisha cha juu, pameota nundu. Jumapili ilinyesha, nikakuta godoro limelowa upande wa miguuni.

Labda umesahau karavani hii ni ya nini. Tarehe 22 Aprili, siku ya pili baada ya Pasaka, naivuta mpaka Cobar, karibu kilomita mia saba, kufanya kazi ya uuguzi kwa miezi sita. Nyumba za wauguzi huko zimejaa, kwa hiyo nitaishi ndani yake. Kazi kama hii nimeikataa mara mbili ili nimuuguze mama. Hii siikatai.

Njoo uichukue Alhamisi, utimize neno lako. Usipotimiza nitawaambia akina mama wa chama chetu, na wewe mwenyewe unajua chama cha Wakenya wa Penrith kilivyo na mdomo.

Jerusha Kawira


Ingleburn, 8 Machi 2025

Dada Jerusha,

Salamu kwako na kwa Mama, na aksanti kwa ile chai. Barua yako imenipiga, ila imenipiga kwa Kiswahili kizuri, kwa hiyo nami najibu kwa karatasi.

Karavani nimeifikisha hapa karakana, nimeipanda, nimepiga magoti juu yake saa nzima. Sikiliza. Gundi ikishindwa, hewa huingia chini ya mpira. Ukibonyeza kwa kiganja inazama, ukiachia inarudi, na mpira wenyewe unabaki mzima. Huu wako hauna hewa. Ni mpira wenyewe uliovimba, umenenepa mara mbili, umelainika, unanata vidoleni. Nimekata kipande nikakitia kwenye sufuria ya maji ya moto. Baada ya dakika kumi vijicho vya mafuta vikaelea.

Mpira wa namna hii unavumilia jua, mvua ya mawe na mavi ya kasuku. Kitu kimoja tu hauvumilii: mafuta. Ukipakwa unakunywa, unavimba, unaachia kwenye mishono, na maji yanapata njia. Sasa nauliza bila hasira, nani alimwaga mafuta juu ya karavani yako? Si mara moja, na si kwa bahati mbaya. Amemwaga pembe nne na katikati, kwa kipimo. Huyu ni mtu mwenye mpango.

Kazi sikatai. Ninachotaka ni ukweli kwanza, na nikuambie kwa nini. Nilibeba maboksi ghalani hapa Ingleburn miaka sita, na Jumamosi nikijifunza mapaa kwa mzee mmoja mpaka akaniambia hana tena cha kunifunza. Leo nina karakana yangu, na sina tangazo popote. Kila mteja huletwa na mdomo wa mteja mwingine. Nimeezeka karavani mia moja arobaini na tatu, na zote nimeandika kabatini miaka kumi. Maandishi hayo ndiyo jina langu. Yakianguka, mimi narudi ghalani.

Fundi wako,
Akilimali


Penrith, 11 Machi 2025

Bwana Mushagalusa,

Umeniita mwongo kwa adabu sana. Nami nitakujibu kwa adabu.

Nyumba hii ina watu wawili. Wa kwanza ni mimi. Huosha paa kwa brashi ndefu, maji na sabuni, kama ulivyonielekeza. Wa pili ni mama yangu, ana miaka sabini na minne, na Agosti iliyopita alibadilishwa nyonga. Tangu atoke hospitalini nimemkataza ngazi, viti, hata kile kigoda cha jikoni. Nilimwapisha kwa mkono juu ya Biblia yake mwenyewe, maana ukimwambia kwa mdomo tu, husikia anachotaka. Tangu siku hiyo ni fimbo yake, sebule na kanisa, basi. Kuna pia ndugu yangu Clifford, atakayehamia hapa kukaa naye nikiondoka. Clifford akisimama juu ya kitanda kubadilisha balbu hupata kizunguzungu. Sasa niambie, ni yupi kati yetu mwenye mpango?

Hivyo vijicho vya mafuta vilitoka kwenye sufuria yako. Mwambie mkeo Chibalonza aisugue vizuri.

Barua yako nilimsomea mama mezani ili tucheke pamoja. Hakucheka. Alisema chai imepoa, akaenda kulala saa moja. Umemharibia jioni yake.

Nakupa siku kumi. Uanze kazi, au chama kisikie.

Jerusha Kawira


Penrith, 13 Machi 2025

Mwanangu Akilimali,

Hunijui ila kwa chai niliyokupa Alhamisi ile. Mimi ni Gakii, mama yake Jerusha. Nilifundisha darasa la nne kule Meru miaka thelathini na mmoja, na siku zote niliwaambia watoto: aliyevunja dirisha asimame mwenyewe kabla sijauliza. Basi nasimama.

Mafuta ni yangu.

Kwetu chombo kipya hakiingii barabarani bila kuombewa. Mchungaji alikuja, akapaka tone moja mlangoni, akala wali wetu, akaenda. Tone moja, kwa safari ya Cobar! Nikaona hiyo ni dua ya kwenda sokoni na kurudi. Kwa hiyo kila Alhamisi, Jerusha akiwa zamu ya mchana, nilitoa ngazi yake gereji, nikaiegemeza, nikapanda na chupa ya mafuta ya zeituni kwenye mfuko wa sweta. Nilizunguka pembe kwa pembe. Katikati nilifikia kwa kijiko nilichokifunga kwenye mpini wa ufagio. Nilianza Oktoba, mara kidonda kilipopona, na nyonga hii mpya haijanisumbua hata siku moja. Yakobo alimimina mafuta juu ya jiwe, na hakuna mahali Biblia inasema jiwe lilivimba. Ningejuaje habari za mpira?

Usicheke, au cheka kidogo kisha usome hili. Baba yake Jerusha alinunua pikapu mwaka 1994. Ililetwa Jumatano. Mchungaji akasema ataiombea Jumapili. Ijumaa mzee akataka kupeleka viazi Nkubu, akaniuliza, "Mama Clifford, tungoje?" Mimi ndiye niliyesema nenda tu, tutaiombea ukirudi. Hakurudi. Najua Mungu hafanyi kazi kwa chupa, mimi si mjinga. Lakini sitasema tena "tutaiombea ukirudi" kwa mtu wa nyumba yangu.

Sasa nakuomba jambo gumu. Usimwambie. Mafuta atanisamehe kabla ya chakula cha jioni. Shida ni ngazi. Niliapa, na nimepanda mara ishirini na mbili. Akijua, atasema siwezi kuachwa na Clifford, na safari ataifuta. Ana miaka arobaini na sita, na kila jioni anarudi nyumbani mbio kuniuliza kama nimemeza vidonge. Nampenda mpaka naumia, ila mimi ni mama yake, si pingu yake. Aende kwanza. Akishafika mbali, nitasema mwenyewe.

Barua hii naiposti mwenyewe. Nimemwambia nanyoosha miguu.

Gakii


Ingleburn, 16 Machi 2025

Mama yetu Gakii,

Heshima nyingi. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Chibalonza akauliza, "Papa, nani amekufa?" Nikamwambia, hakuna aliyekufa, ni Mama mmoja wa miaka sabini na minne anapanda ngazi kunipita mimi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nami nilicheka. Halafu nikafika kwenye ile Ijumaa ya viazi, nikaacha kucheka. Kwetu Bukavu nasi tuna Jumapili zetu ambazo hazikufika.

Sitakuficha, Mama, nilikasirika. Nilipata jibu nililolitafuta, na jibu lenyewe linaniambia nisiseme. Nikinyamaza, Dada Jerusha ataamini mimi ni fundi mbovu, na wenzake wataamini, na jina langu ndilo linalonilisha. Nimefikiri siku mbili na nimeamua hivi.

Kusema kosa ni langu, hapana. Si langu, na uongo sisemi. Lakini kunyamaza naweza. Kazi nitaifanya upya, na itakuwa nzuri kuliko ya kwanza.

Nina masharti mawili. La kwanza, Jumanne nakuja kuichukua ile ngazi, na wewe utanikabidhi kwa mkono wako. La pili, akishakuwa mbali utamwambia kwa maandishi, yote, bila kupunguza hata siku moja ya zile ishirini na mbili. Wewe ni mwalimu, sitakufundisha kuandika.

Kuhusu mafuta, usiyatupe. Niachie mimi hilo, nina wazo.

Mwana wako,
Akilimali


Penrith, 27 Machi 2025

Bwana Mushagalusa,

Nimepata picha zako. Naona umebandua paa lote na umeanza upya, na hunibishii tena. Mtu asiye na kosa hubisha. Kwa hiyo nimeelewa, na nashukuru kwamba angalau umekubali kwa vitendo.

Lakini siku kumi zilipita bila neno kutoka kwako, na nilikuwa nimekuonya. Jumamosi niliwaeleza akina mama. Jepchumba alikuwa akuletee karavani yake kabla ya kambi ya Pasaka. Ameghairi. Mama Wainaina naye ameghairi. Sijuti. Mtu akiniuliza kuhusu dawa mbovu humwambia, na paa ni vivyo hivyo.

Kuna jambo lingine. Ngazi yangu iko wapi? Mama anasema ulipita Jumanne ukaichukua. Fundi wa mapaa anaazima ngazi ya muuguzi! Hilo nalo nililisimulia, Jepchumba akamwaga soda.

Na huyu mama yangu sasa amekuwa wakili wako. Jana nilikuwa nakusema jikoni, akagonga fimbo chini: "Jerusha, that's enough! Huyo mtu ni wa maana. Siku moja utaona haya." Sijui ulimwambia nini siku hiyo ya ngazi. Nikimuuliza, anageuza mazungumzo kuwa ya hali ya hewa.

Nataka karavani kufikia Aprili 16.

Jerusha Kawira


Ingleburn, 30 Machi 2025

Dada Jerusha,

Karavani utaipata Aprili 12.

Plaiwudi ya pembe mbili za nyuma ilikuwa imeanza kuoza, nimeibadilisha. Kidirisha cha juu nimekitoa na kukikalisha upya, na mishono yote nimeipitishia roli ya kukandamizia mara tatu. Leo nimeimwagia maji ya bomba saa nne mfululizo, mimi nimekaa ndani na gazeti. Gazeti bado ni kavu.

Jepchumba na Mama Wainaina nawatakia fundi mwema. Waambie tu wasikubali kupakwa silikoni juu ya mpira. Haishiki, hata fundi akiapa.

Ngazi ni kweli iko kwangu. Ni ngazi nzuri mno, ndiyo sababu niliichukua.

Kabatini sikufuta kitu. Nimeongeza mstari mmoja.

Jina langu limenyeshewa mwezi huu, dada. Halivuji.

Akilimali


Penrith, Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Jerusha wangu,

Kama unasoma barua hii, umesimama mahali, umechemsha maji, na umefungua mkebe wa sukari. Nakujua, chai hunywi mpaka uchoke kabisa, kwa hiyo utakuwa umeshapita Dubbo. Vizuri. Kaa chini.

Fundi Akilimali hakukosea. Aliyeharibu paa lako ni mimi. Tangu Oktoba, kila Alhamisi, nilipanda ngazi yako na kulipaka mafuta ya zeituni, pembe nne na katikati. Alhamisi ishirini na mbili. Ndiyo, kwa nyonga hii hii. Ndiyo, baada ya kuapa. Kwa Mungu nimeshaungama, umebaki wewe.

Sababu unaijua, ingawa hatujaizungumza hata mara moja. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, uliona ile pikapu ikitoka. Hukusikia baba yako akiniuliza kama tungoje, na hukusikia nilichomjibu. Sasa nimekuambia. Nimekaa na jibu hilo miaka thelathini na mmoja, na sikutaka uondoke kwangu kama alivyoondoka yeye.

Fundi anajua tangu Machi. Nilimwomba anyamaze ili uende, akanyamaza, huku wewe na chama chako mkimchambua kama mchicha. Hakuchukua ngazi kwa sababu hana. Aliichukua ili nisipande. Mtu amekupa paa mara mbili na jina lake juu, na wewe ukamwambia mkewe asugue sufuria. Nilikufunza vizuri kuliko hivyo.

Usirudi. Nasema tena, usirudi. Vidonge nimemeza. Clifford ameleta masanduku yake na ananipikia ugali usioiva. Tutaishi. Wagonjwa wa Cobar wanakuhitaji, na wewe unahitaji jioni moja ambayo hakuna anayekungoja.

Sasa nenda nje, tazama kwenye chuma cha mbele, pale karavani inapoungana na gari. Fundi amechomelea kisahani kidogo cha chuma. Alinieleza kwamba chuma hakinywi mafuta. Leo jioni, wewe ukifunga nguo zako, nilitoka nikakijaza. Nilisimama miguu yote miwili chini, na fimbo yangu mkononi.

Safari hii sikuiahirisha.

Mama yako


Cobar, 26 Aprili 2025

Fundi Akilimali, kaka yangu,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia Nyngan. Nilisimama hapo Jumatano kunywa chai, nikafungua mkebe wa sukari. Nilisoma, nikalia, kisha nikakasirika. Nikawasha gari, nikaligeuza, nikashika njia ya Sydney. Nilikwenda kilomita kumi na mbili, nikasimama kando, nikampigia mama.

"Uko wapi?"

"Mum, narudi nyumbani."

Nikamsikia akiita kwa sauti yake ya darasani: "Clifford! Lete ufunguo wa gari, twende tukanunue ngazi!"

Nikageuza tena.

Jana ilinyesha hapa mchana kutwa, na watu wa huku wametoka nje kuipiga picha mvua. Nilikaa ndani nikaipapasa dari kwa kiganja, pembe moja baada ya nyingine, kama ninavyopapasa tumbo la mgonjwa. Kavu. Nikafungua kabati la sahani, kwa mara ya kwanza tangu uirudishe, nikasoma mstari ulioongeza: "Miaka kumi inaanza upya. Mafuta, tazama chini." Ulikuwa umeniambia mwenyewe, na sikuwa nimejisumbua kufungua mlango wa kabati.

Naona aibu, na nasema hivyo wazi. Ulinionyesha ukweli kwa sufuria ya maji ya moto, nikaitukana sufuria. Nilisema asiye na kosa hubisha. Ulinyamaza kwa sababu mama yangu alikuomba, na kunyamaza huko kulikugharimu jina lako. Nisamehe. Chibalonza nimemwandikia barua yake peke yake, imo kwenye bahasha hii, ya kwako isome wewe na ya kwake usiifungue.

Chama nimekiambia chote, kwa sauti yangu mwenyewe, dakika saba za rekodi, pamoja na kijiko na mpini wa ufagio. Sasa wananicheka mimi, na ni haki yao. Jepchumba atakuletea yake wiki ijayo. Mama Wainaina naye atakuja, na ana sharti: anataka kisahani kama cha kwangu. Wengine wanne, ambao mapaa yao hayana shida yoyote, wanataka visahani tu. Jiandae kuchomelea.

Mama nilimpigia tena jana, mvua ikinyesha. Sikumgombeza. Niliiweka simu darini asikie. Kisha akaniuliza, "Ndani ni kukavu?" Nikamwambia ni kukavu. Akasema, "Basi," na kwa mara ya kwanza maishani mwangu alikata simu kabla hajaniuliza kama nimekula.

Asubuhi hii nilitoka nje. Mafuta yote yalikuwa yamemwagika njiani, kisahani kimejaa vumbi jekundu. Nikakipangusa kwa kanga, nikachukua chupa yangu ya mafuta ya saladi, nikamimina kidogo. Sijui naamini nini. Nilimimina tu.

Oktoba nikirudi nitapita kwako kabla ya kufika nyumbani, tunywe chai. Kitu kimoja nakuomba, kaka.

Ile ngazi usiirudishe.

Dada yako,
Jerusha